Jeni Isiyo na Jina

Sogeeni karibu. Nina fumbo limeninyima raha, nisaidieni kulibeba.

Katika maabara ya chuo kimoja huko Morogoro walikuwepo watatu. Siwema alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Kibwana alijua kuozesha hamira, yaani kuipandanisha na nyingine, na kufuatilia vizazi vyake. Zamda, ukimwambia jambo haliwezekani, ndiyo kwanza anakunja mikono ya koti.

Hamira yao ilikuwa nyeupe. Ndani yake mlikuwa na protini iliyojikunja vibaya, na kila protini ya aina yake iliyoigusa ikajikunja vilevile. Mama akichipuza mtoto, humrithisha mkunjo huo, naye mtoto huwa mweupe. Mkunjo ukipotea, hamira hugeuka nyekundu. Nini kinauongoza urithi huu? Pale maabara hakuna aliyejua.

Siku moja kwenye sahani nyeupe kukatokea doa jekundu.

"Uchafu huo, tupa," Siwema akaambiwa na wenzake.

Akakataa. Akalilea peke yake mpaka likajaa sahani nzima, jekundu pyu.

Kibwana akaiozesha hamira hiyo kwa nyeupe. Wajukuu wakatoka nusu wekundu, nusu weupe.

"Mgawanyo huu ni wa jeni," akasema. "Ipo moja imeharibika."

Akaisaka mpaka akaipata.

Zamda akairudishia hamira nyekundu jeni nzima. Ikabaki nyekundu. Wote wakanywea, Kibwana hata chakula hakugusa. Lakini Zamda aliendelea kuwaza. Protini zilizojikunja hushikamana zikawa fundo, na jeni ile hutengeneza mkasi wa kulikatakata, ili kila mtoto apate kipande.

"Mkasi tumerudisha," akasema, "ila kitambaa kilishapotea."

Akachota fundo kidogo kutoka hamira nyeupe, akalitia katika ile nyekundu iliyorudishiwa jeni. Watoto wakatoka weupe, na watoto wa watoto pia. Mimi niliyekuwepo nilisimama kwa heshima.

Sasa, desturi ya watu wa hamira ni kwamba aliyegundua jeni ndiye huipa jina, na likishaandikwa limeandikwa. Siwema alitaka liwe la marehemu mama yake, aliyekaanga vitumbua akamsomesha.

"Bila jicho langu, doa lingekuwa jalalani," alisema.

"Bila ndoa zangu, lingebaki doa tu," akajibu Kibwana.

"Na bila mimi," akasema Zamda taratibu, "mngekuwa bado mmenuna."

Kibwana na Zamda waliwahi kula vitumbua vya mama yule, wakavisifu. Hata hivyo hakuna aliyemwambia Siwema, chukua. Profesa Mkude, mkuu wa maabara, akaweka kalamu ya kuandikia jina katikati ya meza, akatoka.

Kalamu bado iko pale. Je, wewe ungemkabidhi nani?