Swichi ya Gari la Mbaruku

Hapo zamani, si ile ya sungura kumdanganya fisi, bali hii ya juzijuzi, watu wakisikiliza kaseti, palikuwa na mshonaji jina lake Siwema. Alishonea barazani, kando ya soko. Naye alikuwa na ugonjwa mmoja tu: gari la matangazo likipita, cherehani yake husimama.

Gari lilikuwa la Mbaruku. Alitangaza harusi za watu, misiba ya watu, mbuzi wa watu waliopotea. Sauti yake tamu, hata msiba wako ungependa autangaze yeye. Siwema husikiliza, mguu umetulia juu ya pedeli, akingoja jina lake. Gari likapita. Mwaka ukapita. Jina halikutajwa.

Gari lile lilikuwa na spika mbili ndani, na mbili kubwa za nje, juu yake. Siku ya gulio Mbaruku alizitundika hizo za nje kwenye paa la soko, waya mrefu ukarudi mpaka kwenye gari, nyuma ya ghala. Na alikuwa mtu wa kujipima: kila tangazo alitaka alisikie mwenyewe kabla mji haujalisikia. Akamwendea Kingaru, fundi umeme wa magari.

"Fundi, nifungie swichi. Nikizima, spika za nje zinyamaze, nibaki na za ndani."

"Hilo dogo," akasema Kingaru.

Akafunga. Taa nyekundu ikiwaka, mji unasikia. Ikizimika, unajisikia peke yako. Mbaruku akadhani fundi kaondoka, akazima, akasema ndani ya maiki, "Siwema..." Kingaru alikuwa bado chini ya gari, akiokota koleo lake.

Na huyo Kingaru, jamani, ndiye aliyekuwa akija kuitia mafuta cherehani ya Siwema na kukaza mkanda wake, kisha huondoka bila kunywa hata maji. "Ahsante, kaka Kingaru," Siwema humwambia. Lile neno kaka lilimchoma kila mara.

Wiki ile Siwema akamwambia, "Kaka, Ijumaa shangazi anataka jibu. Kuna mtu wa Handeni ameniposa. Namngoja mtu mwingine, lakini hasemi." Hajamaliza, gari la matangazo likapita. Cherehani ikasimama. Kingaru akaona, akaelewa, akaendelea kutia mafuta.

Siku ya gulio, asubuhi, Kingaru akaenda kwenye gari, akajidai anakaza nati. Akaunga waya mwingine, ukaizunguka swichi. Taa ingezimika. Spika za sokoni zisingezimika.

Adhuhuri Mbaruku akapandisha vioo, akazima swichi, taa ikafa. Akasema polepole:

"Siwema, natangaza ya watu wote, la kwangu naliogopa. Nikifika barazani kwako napunguza mwendo, nisikie cherehani yako, nijue upo. Nayo hunyamaza. Nadhani hutaki hata kunisikia."

Soko zima likazitazama spika za paani. Kisha vigelegele! Siwema akalia palepale, juu ya kitambaa cha mteja, halafu akakimbia nyuma ya ghala.

Mbaruku akashusha kioo. "Umesikia?"

"Mji mzima umesikia."

Aibu ikamshika. Akamfuata Kingaru gereji kwake, Siwema nyuma yake. "Umeniibia siri yangu!"

"Ndiyo," akasema Kingaru. "Swichi haikukosea. Nilifanya makusudi."

"Kwa nini, kaka?" akauliza Siwema.

"Kwa sababu nami nakupenda. Nilijua cherehani inasimama kwa ajili ya nani, na Ijumaa inakuja." Akakusanya makoleo yake, akaingia ndani.

Alhamisi Mbaruku akaja kuposa kwa Shangazi Mashavu. "Maneno ni yangu, moyo ni wangu. Yule kaunga waya tu, tena kaniaibisha."

"Ni kweli, kuaibishana si uungwana," akasema shangazi. "Lakini fundi hajaja, basi nitamsemea mimi. Wewe ulikuwa na neno, ukalifungia vioo. Yeye anamwona Siwema lulu, akamwachia mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Na huyo wa Handeni tusimsahau. Hakuhitaji swichi. Alipiga hodi mchana kweupe, akasema shida yake."

Siwema, aliyesikia yote toka chumbani, alirudi barazani akashona. Gari likapita. Cherehani ikasimama, kama zamani. Alipokanyaga tena pedeli, gurudumu likazunguka laini, mafuta bado mabichi, na moyo ukamuuma upande ambao haukuwahi kumuuma.

Kesho ni Ijumaa, na mlango ni mmoja. Yuko aliyesema bila kujua kwamba anasikiwa. Yuko aliyemfanya asikiwe, akabaki mikono mitupu. Yuko aliyepiga hodi. Nanyi mnaocheka hapo, msinikwepe: mngekuwa Siwema, mngemfungulia yupi? Je, nani alistahili?