Katibu wa Mfereji na Miwani ya Mwenyekiti

Hii nimetumiwa asubuhi na shemeji yangu, nikaona kuila peke yangu ni uchoyo.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare alikuwapo mama aitwaye Namsifu, katibu wa mfereji. Kazi yake ilikuwa kuandika zamu za maji ya kumwagilia: nani afungulie siku gani, asubuhi au jioni. Kwa miaka tisa aliandika, na kwa miaka tisa Mwenyekiti, Mzee Eliamini, alimrudishia karatasi akisema, "Tusomee wewe, katibu. Nimesahau miwani nyumbani."

Ndipo kiharusi kikampata. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, lakini maneno yakagoma. Akitaka kusema "chumvi", hutoka "mlango". Akifungua daftari lake mwenyewe, herufi anaziona, ila hazimwambii kitu. Daktari alisema, "Akili yake ni nzima. Kilichoumia ni maneno." Watu hawakulishika hilo. Walianza kumsemesha kwa kelele, utadhani amekuwa kiziwi.

Mkutanoni Mzee Eliamini hakuzunguka mbuyu. "Katibu asiyesoma ni wa kazi gani? Jumamosi alete orodha mpya ya zamu. Asipoileta, tunachagua mwingine."

Namsifu alisikia kila neno. Alitaka kujibu, kikatoka "basi, basi" tu. Iliuma. Kazi ile haikuwa na mshahara, lakini ndiyo pekee iliyokuwa imebaki ya kwake.

Siku nne alikaa na kalamu. Akaandika N. Kisha M. Kisha machozi.

Mumewe, Baba Joeli, akamwekea chai. "Mama Joeli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hebu niambie, maji ya Jumanne asubuhi ni ya nani?"

Namsifu akanyoosha kidole dirishani, kwenye zizi la Mzee Eliamini, alikosimama ng'ombe wake wa pembe moja. Alikuwa sahihi kabisa. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu augue, Namsifu akacheka. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi watu walikusanyika penye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Baba Joeli akabandika karatasi kwenye mlango wa kibanda cha majembe. Haikuwa na neno hata moja. Ng'ombe wa pembe moja, cherehani, mfenesi, paa lenye tundu. Kando ya kila picha jua linachomoza au linazama, na matone ya maji.

"Huyu ni katibu au mtoto wa chekechea?" mtu akasema.

Mzee Eliamini akasogea. Akainama. Akaweka kidole kwenye picha ya kwanza.

"Huyu ng'ombe ni wangu," akasema taratibu. "Jua linachomoza. Matone mawili, siku ya pili ukianza kuhesabu na Jumatatu. Jumanne asubuhi!" Sauti ikapanda. "Cherehani, jua linazama, matone matatu. Fundi Mbonea, Jumatano jioni! Na hili paa lenye tundu ni wewe, Kirita, si uliambiwa uezeke?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akasoma kaya zote ishirini na mbili bila kukwama.

"Mwenyekiti," fundi Mbonea akauliza, "mbona leo hukuulizia miwani?"

Mzee akavua kofia. "Miwani sina. Sijawahi kuwa nayo. Mlango wa shule sikuuona. Nilitaka katibu mwingine kwa sababu niliogopa: huyu asiposoma, mimi nitasomewa na nani?"

Nyuma kabisa kina mama wawili wakainua mikono. "Na sisi ni hivyo hivyo, Mwenyekiti."

Hakuna aliyetaja tena uchaguzi. Mzee akamgeukia Namsifu. "Katibu, nisamehe. Leo nimesoma kwa macho yangu mwenyewe."

"Soma," Namsifu akasema. Akapigana na neno la pili. Watu wakamngoja, na hakuna aliyemmalizia. "Tena."

Mzee akarudi juu ya karatasi, akaanza na ng'ombe wake, na safari hii kijiji kizima kilisoma pamoja naye.

Funzo: Mtu kupotewa na maneno si kupotewa na akili. Mpe nafasi atafute njia yake, kwani huenda njia hiyo hiyo ndiyo uliyokuwa ukiihitaji wewe.