Kalibu Tatu za Feruzi

Hapo kale, mji wa Zahrani ulikuwa ukitawaliwa na Sultani Ghalibu, mwenye majumba na majeshi na hazina, na katika vyote hivyo hakuna alichokipenda kama binti yake, Mwanashamsi. Na kila asubuhi Feruzi, mpika sukari guru, alipoleta mzigo wake jikoni, binti huyo alimwita kutoka dirishani, "Feruzi, hujambo?" Katika jumba lile lenye watumishi mia hapakuwa na mwingine aliyejua jina lake. Basi maskini akampenda, akanyamaza, maana angemwambia nani?

Siku moja jini Kaukabu, mwenye kiburi cha elimu, akaiiba sauti ya binti na kuitia ndani ya birika la marumaru uani, birika la duara, kuta zake wima toka chini hadi juu.

"Ewe Sultani," akasema, "ninacho chombo chenye umbo la pia, kilichochongoka chini. Mdomo wake ni sawa na mdomo wa birika, na kina chake ni sawa na kina cha birika. Nikimimina humo marashi kwa chombo hiki, litajaa kwa mara ngapi, lisipungue tone wala lisimwagike tone? Jibu ni moja tu. Ukikosea, sauti hii ni yangu daima."

Waziri akainama. "Maulana, ni mara mbili. Ukikitazama chombo ubavuni utaona pembetatu, na pembetatu ni nusu ya mstatili wake."

Baraza zima likasema hewala, na Sultani akafungua kinywa.

"Maulana, usiseme!" Feruzi akalia kutoka mlango wa jikoni, kapu lingali kichwani. "Ni mara tatu!"

Waziri akacheka. "Mpika sukari naye ana hesabu?"

"Sina hesabu, bwana mkubwa, nina kalibu za kugandishia sukari. Zote zina umbo la pia, na kopo langu la asali ya miwa ni la duara, mdomo na kimo sawa na kalibu. Miaka kumi namimina kopo moja, hujaa kalibu tatu. Umbo la pia halikondi kulia na kushoto tu, hukonda pande zote."

"Na ukikosea?" jini akauliza.

"Chukua na sauti yangu."

Sultani akamtazama binti yake. Naye, machozi yakimtiririka, akainua vidole vitatu.

"Tatu," akasema Sultani.

Jini akamimina chombo cha kwanza, birika likafika theluthi. Akamimina cha pili, waziri akaanza kutazama viatu vyake. Akamimina cha tatu, na marashi yakasimama sawa na ukingo, mfuto, na kutoka ndani yake ikapanda sauti:

"Feruzi, hujambo?"

Feruzi akalia mbele ya baraza wala hakuona haya.

Sultani akamwoza Feruzi binti yake kwa sherehe ya siku saba, akampa nusu ya hazina, na jini akawaachia chombo chake kiwe zawadi ya harusi. Waziri akapelekwa kwenye matanuri ya sukari mwezi mzima, akarudi na adabu.

Nanyi mliosikia, jueni kwamba jicho huona uso wa kitu, bali tumbo lake hulijua mkono uliokijaza. Na wale wawili wakazeeka pamoja, na kila asubuhi, ijapokuwa wameketi mkeka mmoja, Mwanashamsi alimwita mumewe kwa jina lake kana kwamba yuko mbali, naye akaitika.