Pelele Alivyojikomba kwa Chui

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jabali refu. Juu yuko nani?

Chui!

Na chini?

Sisi, tumeinama!

Basi inukeni mkae vizuri. Ngano hii haisikilizwi kwa kuinama.

Hapo kale Chui alilitawala jabali hilo. Alikuwa na nguvu, alikuwa na tamaa, na juu ya yote alikuwa mvivu. Mwanzoni aliwinda mwenyewe. Akachoka kukimbia, akaweka sheria: kila mwezi ukiandama, nyumba moja imletee mtoto ale. Panya walitoa wao, wakalia. Nungunungu akatoa wake, hakulia mbele za watu. Sasa ilikuwa zamu ya Mama Pelele, yule mnyama mdogo wa mawe, mwenye meno marefu mbele na asiye na mkia wa kujivunia. Aliyetakiwa ni kitindamimba wake, Sikitu.

Pelele alilia mpaka macho yakavimba. Halafu akanawa uso, akaenda kujikomba.

Mnajua kujikomba? Si heshima, msichanganye. Mwenye heshima anasalimu, anapita. Anayejikomba anasalimu, anapita, anarudi kusalimu tena. Anacheka kabla mkubwa hajamaliza mzaha. Mkubwa akipiga chafya, yeye anaisifu chafya. Ndivyo alivyofanya Pelele. Alitambaa kwa tumbo, sururu, sururu, mpaka miguuni pa Chui.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta mtoto?"

"Mwezi bado, Mzee. Nimekuja na aibu yangu. Jana nimekuona unakwenda mtoni kwa miguu. Mzee, kutembea si kazi yako. Kutembea ni kazi yetu sisi takataka."

Chui akaitazama miguu yake. Kweli ilikuwa na vumbi.

"Sasa nitaendaje?"

"Utabebwa, kama wakubwa wanavyobebwa."

Nyani wakasuka machela kwa kamba za miti. Hima, hima, wakamshusha mtoni. Hima, hima, wakampandisha jabalini. Chui akaona raha.

Kesho yake Pelele huyo tena, sururu, sururu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuona unatafuna mfupa. Mzee, kutafuna si kazi yako. Kutafuna ni kazi yetu sisi takataka."

"Sasa nitakulaje?"

"Utakunywa uji, wenye asali."

Chui akanywa uji asubuhi, akanywa uji jioni. Tumbo likaanza kutangulia mwili.

Siku nyingine, sururu, sururu.

"Shikamoo, Mzee. Nimeziona kucha zako. Mzee, kukwaruza si kazi yako. Kucha ndefu ni za wachimba mizizi."

"Nani atanikata?"

"Mimi mtumwa wako, kwa meno yangu haya."

Chui akanyoosha mguu. Hapo Pelele aliogopa kweli, maana kichwa chake kilikuwa chini kabisa ya mdomo uliokwisha kula watoto wa majirani. Lakini aliguguna. Kwere, kwere, kwere. Akimaliza ukucha mmoja, anaubusu, anashika mwingine.

Nungunungu alimsubiri njiani.

"Mama Sikitu, huna haya? Kujikomba gani huku, mpaka unaguguna kucha za muuaji?"

"Haya ninayo, jirani. Nimeiacha nyumbani, inamlea Sikitu."

"Mimi sijikombi. Nina miiba yangu na heshima yangu."

"Basi nenda wewe ukamwambie asimle mwanangu."

Nungunungu akakumbuka ana viazi vya kuchimba, akaenda zake.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake nyani wakambeba Chui mtoni kuoga, kama kawaida. Wakaiweka machela mchangani, wakapanda jabalini, wakakaa. Pelele alikuwa amekwisha kuzungumza nao.

Chui akaoga, akajinyoosha. "Nibebeni nikale."

Nyani wakajikuna.

"Nyani, nimesema nibebeni."

Juu kabisa akatokea Pelele, Sikitu mgongoni. "Shikamoo, Mzee. Wamechoka. Panda mwenyewe."

Chui akanguruma, akaruka. Kucha hazipo. Porororo, puu! Akaruka tena. Tumbo la uji likamvuta. Porororo, puu! Akatukana, akatishia, akaruka, porororo, akaishia mchangani anahema.

Alipochoka kutisha, alibadili sauti.

"Mama Pelele, mama mwenye busara. Mwenye meno mazuri kuliko wanyama wote. Mimi ni nani mbele yako? Waambie wanibebe."

Pelele alimsikiliza kwa makini. Kazi hii aliijua.

"Unajitahidi, Mzee, ila hujazoea. Shuka chini kidogo. Tumbo liguse mchanga."

Chui akashuka. Sururu, sururu, akatambaa mbele ya panya, mbele ya nyani, mbele ya kila nyumba aliyoiliza. Walicheka wakashika mbavu. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuokota mawe. Chui akayaona mawe, akageuka hivyo hivyo kwa tumbo, akavuka mto. Kucha zilimwota tena baadaye, lakini hakurudi. Angerudi na uso gani?

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye kuitaka aibebe, asiyeitaka anirudishie.

Na funzo lake, wanangu, mlishike sana: msijikombe hata siku moja. Kujikomba kunamvua mtu heshima. Nungunungu hakujikomba, na heshima yake anayo mpaka leo, anakaa nayo peke yake nyumbani. Pelele heshima hana hata chembe. Ana Sikitu tu.