Ngoma ya Mchopa Ilisema Nini

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kama mna homa? Hadithi ya leo ina ngoma ndani yake, haiitikiwi kivivu. Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, lakini si kale hiyo ya kabla ya bunduki, palikuwa na kijiji bondeni. Juu ya kijiji, kilima. Juu ya kilima, boma la mkoloni. Nyuma ya boma, mlima wenye msitu, na msituni humo walijificha wapiganaji, vijana wa kijiji hichohicho, wanaotaka nchi yao. Mkoloni mwenyewe watu walimwita Bwana Kofia, maana tangu afike hakuna aliyewahi kumwona utosi.

Kijijini alikuwapo mpiga ngoma, jina lake Mchopa. Huyo vidole vyake havikujua kutulia! Akisubiri ugali anapiga ukingo wa kinu: ti-ti, ti-ti, ti-ti, mpaka mkewe Somoe anapiga kelele, "Baba weee, ugali hauivi kwa ngoma!" Naye anacheka, anaendelea.

Ngoma ya Mchopa ndiyo iliyosema na wapiganaji. Ndu! Ndu! Ndu! Hiyo ni kiganja katikati ya ngozi, maana yake Njooni. Ti-ti-ndu! Ti-ti-ndu! Hiyo ni vidole ukingoni kwanza, kisha kiganja, maana yake Msije. Mmeshika? Shikeni vizuri, nisije nikarudia.

Siku moja askari wakamkamata Mchopa na ngoma yake, wakampandisha bomani, wakamfunga miguu. Wanakijiji wote wakaamriwa wakae bondeni, asitoke hata kuku. Bwana Kofia akasema, "Waite wenzako washuke. Mimi nina bunduki zangu hapa, nawasubiri."

Mchopa akainua mikono. Akapiga.

Bondeni watu wakasikia: Ndu! Ndu! Ndu!

"Mungu wangu, anawaita!" "Ametuuza!" Somoe alikuwa na mtungi kichwani. Mtungi ukaanguka, pwaa! Yeye mwenyewe akakaa chini palepale kwenye maji.

Wakangoja. Wapiganaji hawakushuka. Jua likaelekea kuzama, hawakushuka. Mara ikalia bunduki, pa! Moja tu. Mchopa akawa amekwenda.

Watu walisema nini? Walisema vijana wamenusurika kwa bahati, na msaliti kapata haki yake. Vijana wenyewe wakavuka mlima, wakapigana ng'ambo ya pili hadi wakaisha, hakurudi hata mmoja wa kusimulia. Lakini walipigana kwelikweli, na wa vijiji vingine vilevile, mpaka Bwana Kofia akafunga mizigo yake akaondoka na kofia yake. Uhuru! Vigelegele! Ngoma ikachukuliwa bomani, ikarudishwa nyumbani.

Mwaka uliofuata ikawekwa Siku ya Mashujaa. Desturi yake ilikuwa hivi: Jumbe wa kijiji anaita jina la aliyekufa akipigania nchi, na ndugu yake anaitikia kwa nguvu zote, "Yupo!" Si "alikuwapo". Yupo!

Somoe akaenda kwa Jumbe Mtopwa asubuhi ya siku hiyo. Amevaa kanga mpya.

"Shikamoo, Jumbe. Na mimi nina jina langu. Mchopa."

Jumbe akamtazama kama mtu aliyetiwa mchanga machoni. "Marahaba. Somoe, usinitafutie balaa siku ya leo. Mumeo aliwaita wenzake wakauawe. Nimwite mimi? Nani aitikie?"

"Mimi."

"Rudi nyumbani, mama."

Somoe hakurudi. Alisimama palepale analia, machozi ya hasira, mpaka akafika Bi Nantende. Ee, Bi Nantende! Mkunga wa kijiji, ajuza mkali. Nusu ya watu wa pale aliwapokea yeye kwa mikono yake, kwa hiyo hakumwogopa yeyote. Na mwanawe wa pekee alikuwa miongoni mwa wale wa msituni. Kama kuna mtu wa kumchukia Mchopa, ni huyo.

"Somoe," akasema, "siku ile ulikuwa wapi?"

"Bondeni, bibi."

"Wewe Jumbe?"

"Bondeni. Sote tulikuwa bondeni, si unajua!"

"Na mlimani alikuwapo nani?"

"Wapiganaji."

"Wamerudi wakakwambia walisikia nini?"

Jumbe akageuka, akatazama mlimani.

"Nileteeni ngoma," akasema Bi Nantende. "Jumbe, chukua wazee, chukua na Somoe, pandeni mpaka msituni. Wengine bakini hapa chini. Mimi nakwenda bomani nitapiga. Mnayosikia, yatendeni. Msiulize."

Wakapanda, hao! Jumbe anahema, hu! hu! hu! Wazee wanalalamika magoti. Somoe yuko mbele yao wote, kanga mkononi, miiba inamchana haoni. Wakafika. Wakatulia.

Bi Nantende akapiga.

Bondeni watu wakasikia: Ndu! Ndu! Ndu! "Tunaitwa! Haya, twende!" Wakatimka kilima kizima, vumbi, vigelegele, watoto migongoni, wakapita boma moja kwa moja mpaka msituni.

Wakamkuta Jumbe amejificha nyuma ya jiwe.

"Mmefuata nini?" akafoka. "Bibi kasema msije!"

"Msije ya wapi? Kasema njooni!"

"Msije! Mna masikio ya kukopa?"

"Wewe ndiye kiziwi, Jumbe!"

Kelele! Karibu washikane mashati. Na ngoma kule chini bado inalia. Ni Somoe aliyepiga yowe, "Nyamazeni! Sikilizeni!"

Wakasikiliza. Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.

Zile ti-ti ni za vidole, sauti yake nyembamba, inapanda na upepo kwenda mlimani. Bondeni haishuki. Bondeni huanguka ndu peke yake.

Somoe akazijua. Zilikuwa ti-ti za kinu chake. Mumewe alikuwa amefungwa miguu, bunduki kisogoni, anamwangalia Bwana Kofia usoni, na vidole vyake vinawaambia vijana: msije, msije, msije. Akajua kabisa kwamba wasiposhuka atakufa yeye. Akapiga hivyohivyo mpaka jua likaelekea kuzama.

Jumbe Mtopwa alivua kofia yake ya kitani, akateremka mbio, mzee mzima, hadi mbele ya boma. Watu wote nyuma yake. Bi Nantende akaacha kupiga.

"Mchopa!" akaita Jumbe, sauti imepasuka.

Somoe akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, wapi! Bi Nantende akamshika mkono, na kijiji kizima, bonde na mlima, kikaitikia kwa ajili yake:

"YUPO!"

Hapo ndipo naye sauti ikamjia. Akaitikia peke yake, mara ya pili, huku anacheka na machozi yanamwagika.

Basi tangu mwaka ule Siku ya Mashujaa huanzia mlimani. Watu hupanda kwanza, wakasikilize walikosikilizia vijana, ndipo majina yaitwe. Nanyi, kabla hamjalifuta jina la mtu, pandeni kwanza huko. Sitaki kusikia visingizio vya magoti.

Hadithi yangu inaishia hapo, lakini hamwondoki bure. Mchopa!

— YUPO!