Mkono Ulioandika Hapana

Wapendwa, kabla hatujapeleka mbele mazao yetu ya shukrani, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwapa habari ya mama mmoja msusi wa vikapu.

Mama huyu alianza peke yake barazani kwake, na miaka ilivyokwenda akawa na karakana iliyojaa wanawake. Walisuka ukindu, wakautia rangi za magome na mizizi waliyochemsha wenyewe kwenye masufuria meusi, na vikapu vyao vikauzwa nchi za mbali. Makaratasi ya kusafirisha mzigo yalijazwa na karani wake, baba mmoja mpole mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa naye tangu siku zile ambazo karakana haikuwa na meza na ilimbidi aandikie gotini.

Mwaka mmoja wanunuzi wakasema vikapu ni vizuri, ila rangi inachuja. Wakataka nyekundu na buluu zisizotoka kwa maji. Rangi za namna hiyo huletwa kutoka nje, nazo zikiingia hutozwa ushuru. Mama akatoa akiba yote ya karakana akazinunua. Hakuogopa, kwa sababu kulikuwa na utaratibu mzuri wa kuwainua watu kama yeye: ukileta rangi kutoka nje, ukaitia kwenye kikapu, kisha kikapu hicho ukakiuza nje, unarudishiwa ushuru wako.

Mzigo ukasukwa, ukapakiwa, ukaondoka. Mara ikaja oda nyingine kubwa kuliko ile. Mama akawaambia wanawake kwamba ushuru ukirudi, huo ndio utakaonunua rangi ya oda mpya. Usiporudi, masufuria yatakauka na kila mmoja atarudi kwake.

Akaenda forodhani. Kijana wa dirishani akaitazama karatasi, akamrudishia.

"Mama, wewe huombi kitu."

"Siombi vipi, nami nimesimama hapa naomba?"

"Hapa mmeulizwa kama mnadai kurudishiwa ushuru. Mmejibu hapana."

Mnaona, wapendwa? Kazi ya mikono yote ile, ukindu wote ule, na mlango umefungwa na neno moja.

Mama akarudi karakanani amefura. Akaiweka karatasi mbele ya karani, na wanawake wakaacha kusuka.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi, mama."

"Soma."

Karani akasoma. Uso ukamshuka. "Nimekosea, mama. Miaka yote rangi ilikuwa yetu wenyewe, hapakuwa na cha kudai. Kila mzigo niliandika hapana. Safari hii mkono ulikwenda wenyewe."

"Basi mkono wako na uende wenyewe nyumbani."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha akaona kuwa amecheka peke yake, akainamia ukindu wake. Karani akachukua chupa yake ya chai, akawaaga wote. Mama hakuitikia.

Je, tumlaumu huyu mama? Tusiharakishe. Alikuwa na wanawake wengi nyuma yake, na kila mmoja ana watoto wanaomtazama mkono jioni. Hasira yake ilikuwa na sababu. Hasira zetu nyingi zina sababu.

Kesho yake akajifunga kanga, akatia kikapu kimoja begani, akarudi forodhani. Safari hii hakwenda dirishani, alikwenda kwa mkuu wao, mwanamke aliyening'iniza miwani kifuani. Mama akaeleza yote, akaomba kwa unyenyekevu.

"Mzigo uliondoka kweli?" mkuu akauliza.

"Uliondoka."

"Na rangi ndiyo hiyo uliyoilipia ushuru?"

Mama akampa kikapu. Mkuu akalowesha leso yake kwa maji ya kunywa, akasugua ile nyekundu kwa nguvu. Leso ikabaki nyeupe. Akaagiza aletewe karatasi za meli, akazisoma moja moja, kisha akazifunga.

"Mama, kosa liko kwenye karatasi. Kwenye mzigo halipo. Siwezi kukunyima haki yako kwa neno ambalo kazi yako yote inalikataa. Tutalisahihisha."

Mama alishika meza kwa mikono miwili. Akamshukuru mkuu, akamshukuru Mungu, akamshukuru tena mkuu. "Nipe kalamu, mwanangu, nisahihishe."

"Si wewe. Anayesahihisha ni yuleyule aliyeandika. Na lazima awe bado mtu wa karakana yako, mtu wa nje haruhusiwi kuigusa karatasi hii. Mlete kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo tunafunga, sitaweza tena."

Mama akakohoa. "Huyo nimemwondoa."

Mkuu akavaa miwani. "Kwa kosa gani?"

"Kwa hili."

"Hili ulilokuja kuniomba nilisamehe?"

Hapo, ndugu zangu, mama alikosa pa kuweka uso. Akachukua kikapu chake, akatoka.

Njia nzima ya kwenda kwa karani alikuwa akipanga maneno. Atasema ni jambo dogo tu. Atasema anahitaji sahihi, basi. Akamkuta mke wa karani anapepeta mchele mlangoni.

"Baba Tumsifu, una mgeni," mke akaita ndani, bila kuacha ungo. Kisha akamgeukia mama. "Karibu, mama. Chai ipo. Ile chupa ya kazini leo inashinda nyumbani."

Karani akatoka akifunga vifungo vya shati. Hakuuliza amefuata nini. Aliuliza, "Mama, masufuria bado yapo motoni?"

Maneno yote ya njiani yakamtoka mama. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Yamezimwa," akasema. "Nimekukosea. Nilikufukuza kwa kosa moja, kisha nikaenda kuliombea huruma kosa hilohilo, na huruma nimepewa. Wanasema wewe ndiye wa kusahihisha. Lakini nataka urudi kazini, si kwa ajili ya sahihi tu. Hata kama wangenipa kalamu mimi mwenyewe, ninge..."

 Alijua kwamba anachotaka kusema si kweli.

"Hapana," akasema polepole. "Wangenipa kalamu, nisingekuja. Ningekuacha hapa hapa, nami nikaenda zangu na furaha yangu. Namshukuru Mungu kwamba sikupewa."

Mke wa karani akaweka ungo chini. Karani akatazama mikono yake, akasema, "Mama Tumsifu, niletee ile chupa." Mke akaijaza chai, akaifunga vizuri, akampa mumewe. Wakaondoka pamoja.

Mbele ya mkuu karani akashika kalamu.

"Nifute kwanza?"

"Hatufuti," mkuu akasema. "Piga mstari mmoja, andika pembeni, tia sahihi. Na hapa chini wanauliza wewe ni nani kwa mwenye mzigo."

Karani akasita. Akamtazama mama.

"Ni karani wangu," mama akasema. "Andika."

Akaandika. Ndiyo ikakaa pembeni ya hapana, kwa mwandiko uleule mzuri. Mhuri ukapigwa. Ushuru ukarudi, rangi ikanunuliwa, masufuria yakarudi motoni, na yule mwanamke aliyecheka ndiye aliyewasha moto.

Wapendwa, sisi ni nani katika habari hii? Ni mara ngapi tumeulizwa kama tunahitaji neema ya Mungu, na mikono yetu kwa mazoea ikaandika hapana? Kama angetaka, Mungu angetafuta mikono mingine, safi kuliko hii. Hakufanya hivyo. Aliita mikono hii hii, akaipa kalamu tena. Hapana yetu ya zamani bado inasomeka, imepigwa mstari mmoja tu, na kila tukiiona tuna sababu mpya ya kusema asante. Tazama mikono yako hapo ulipokaa. Hiyo iliyoshika kapu la mahindi leo ndiyo iliyoandika hapana jana. Mshukuru Mungu kwa ajili ya hiyo.

Lakini tusije madhabahuni na furaha yetu peke yetu. Yule mama alipewa msamaha asubuhi, na msamaha ukasimama pale mezani, ukakataa kwenda mbali zaidi mpaka amfuate mtu wake. Wewe wako yuko wapi? Ni nani aliyetoka kwako ameshika chupa yake ya chai, akakuaga, nawe hukuitikia? Labda ni mfanyakazi wako. Labda ni ndugu wa tumbo moja.

Kapu lako liache hapa, tutakuangalizia. Nenda ukamwite, na ukifika, ukae naye kwenye ngazi. Tutaimba nyimbo zote tunazozijua, na mtakaporudi wawili mtatukuta bado tunashukuru.