Mgeni wa Kinamasi cha Rusegwe

Sogeeni mnisikilize, kisha mniamulie, maana mimi nimeshindwa.

Kando ya kinamasi cha Rusegwe waliishi majirani watatu. Bi Nyangeta alikuwa haoni, lakini alimtambua kila ndege kwa mlio. Masatu, mvuvi wa kamongo, aliweza kutembea juu ya mafunjo yanayoelea bila kuzama. Lukelesha, mfumaji wa mikeka, alihamia kutoka magharibi ya mbali. Alichokiona mara moja hakikumtoka kichwani.

Ikaja amri: kinamasi kikaushwe, palimwe mpunga. Mitambo ikaanza kuchimba mfereji. Zikabaki siku nne tu maji yaondoke, na riziki ya watu iondoke nayo.

Alfajiri moja Bi Nyangeta akasikia ko-ko-ko-ko, kama mbao zinazogonganishwa.

"Huyu hajawahi kufika hapa," akasema.

"Mama, ni korongo tu," watu wakamcheka.

"Korongo nawajua, wanangu. Huyu ni mgeni."

Masatu peke yake alimwamini. Akaazima simu, akashinda mafunjoni siku mbili, maji kiunoni, tumbo tupu. Alitoka akichechemea, mguu umechomwa na kisiki, mkononi ana picha moja yenye ukungu.

Wakampelekea afisa wa wanyamapori, naye akaitupia jicho. "Korongo huyo. Mnajitesa bure."

Lukelesha akaichungulia picha, akamshika afisa mkono, machozi yanamlengalenga. "Bwana, nakusihi, mtazame mdomo. Mpana kama kiatu, na nchani una ndoano. Kwetu nilimwona akimeza kamongo mzima."

Afisa akaikuza picha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Domo-kiatu! Ndege adimu anayelindwa na sheria, huku? Zimeni mitambo!"

Kinamasi kikapona. Lakini kikafanywa hifadhi: watu wote wahame, ibaki kaya moja tu ya kumlinda ndege. "Waliomtambua ni nyinyi," afisa akawaambia wale watatu. "Niandikieni jina moja kati yenu, la atakayebaki."

"Nje ya hapa sijui hata njia ya kisimani," Bi Nyangeta akalia.

Masatu alikuwa ametoka hospitali. Mguu ulioza, ukakatwa. "Nihamie wapi, nikalime na nini?"

"Nimeshafukuzwa kwingine mara mbili," akasema Lukelesha. "Na mke wangu nimemzika hapa."

Bila sikio la mama yule, nani angemtafuta ndege? Bila Masatu, picha ingetoka wapi? Na bila Lukelesha, si angebaki korongo tu?

Karatasi iko mezani, kalamu juu yake, na hakuna aliyeigusa. Je, ingekuwa wewe, ungeandika jina la nani?